Ngozi ya Chui Imepita Mikono Mingapi? Historia ya Kuvaa Manyoya, Kutoka Pwani Yetu Hadi Paris na Kurudi Kambini

Makala ya leo ni ya historia. Inahusu kitu ambacho kwa joto la Cabo Delgado mtu anaweza kusema hakituhusu kabisa: kuvaa ngozi na manyoya ya wanyama kama urembo. Naomba mnivumilie mpaka mwisho, maana hii habari inatuhusu kuliko tunavyodhani. Biashara yenyewe ilipita kwenye pwani hii hii yetu, zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Kwa wasionijua, mimi ni mtu wa Quiterajo, wilaya ya Macomia, karibu na pale mto Messalo unapoingia baharini. Kwetu mbele ni bahari na nyuma ni msitu. Wazee wetu wanamjua papa na wanamjua chui. Chui kwao ni mwizi wa mbuzi. Ukimwambia bibi wa Quiterajo kwamba kuna watu wanalipa mamilioni kuvaa ngozi yake, atakuuliza, "Hao hawana kapulana?" Swali la bibi ni zuri, na ndo swali la makala hii. Kwa nini mtu mwenye nguo za kutosha avae ngozi ya mnyama? Nani anafaidika? Na nani anabebeshwa lawama?

Mfanyabiashara wa kwanza hakuwa Mzungu

Tuanze mbali. Al-Masudi alikuwa mwanahistoria aliyezaliwa Baghdad. Alisafiri kwenye bahari yetu, na safari yake ya mwisho huku ilikuwa karibu mwaka 916. Alifika kisiwa kilichoitwa Qanbalu, ambacho wasomi wengi wanadhani ni Pemba (Pemba ya Zanzibar, sio Pemba yetu ya Cabo Delgado, msichanganye). Katika kitabu chake, Muruj al-Dhahab, aliandika kwamba watu wa nchi ya Zanj walivaa ngozi za chui, na kwamba ngozi hizo zilipelekwa nchi za Kiislamu. Alizisifu kwa ukubwa wake na akasema zinafaa sana kwa kutengenezea matandiko ya farasi. Na kwa maelezo yake nchi ya Zanj ilifika mpaka Sofala. Kwa hiyo pwani ya Cabo Delgado imo katikati.

Yaani kabla ya Vasco da Gama kuzaliwa, kabla ya Mreno yeyote kukanyaga Ibo, ngozi ya chui wa huku ilikuwa inakaliwa na matajiri wa mbali. Sisi tulivaa, wao wakanunua. Hapo mwanzo mtu aliyevaa na mtu aliyewinda walikuwa majirani, pengine mtu mmoja. Baadaye wakaachana kabisa.

Na kuna jambo la dini ambalo vijana wengi hatujafundishwa. Katika Sunan Abu Dawud kuna hadithi zinazokataza kupanda juu ya ngozi za chui, na nyingine zinazokataza ngozi za wanyama wakali kwa jumla. Sheikh atakueleza pia kwamba kwa madhehebu ya Shafii, ambayo ndo yetu watu wa pwani, ngozi ikishatengenezwa vizuri inatoharika, isipokuwa ya mbwa na nguruwe. Mimi sio sheikh, sitoi fatwa hapa. Ninachotaka muone ni kwamba wale wa zamani walijua kutenganisha maswali mawili: je, kitu hiki ni safi? Na je, inafaa mtu kujionyesha nacho? Kitu kinaweza kuwa safi na bado kisifae. Leo watu wanaobishana juu ya manyoya mara nyingi wanachanganya hayo mawili.

Ngozi ya mkubwa

Sehemu nyingi za Afrika Mashariki na Kati, ngozi ya chui ilikuwa haivaliwi na kila mtu. Mahali pengi mwindaji akimuua chui alitakiwa apeleke ngozi kwa mtawala. Buganda, ngozi ya chui ni ya Kabaka na ukoo wa kifalme mpaka leo. Mbega, yule kima mweusi mwenye manyoya meupe marefu, manyoya yake yalivaliwa na wapiganaji na wazee wa makabila kadhaa ya Kenya na Tanzania. Ngozi ilikuwa kama kitambulisho: ukimwona mtu nayo unajua ni nani na umsalimie vipi.

Tusidhani hili ni jambo la Afrika tu. Uingereza, mwaka 1363, ilitungwa sheria iliyosema mtu wa daraja gani anaruhusiwa kuvaa manyoya gani. Maskini hakuruhusiwa manyoya ya wakubwa hata akiwa na pesa ya kununua. Kwa hiyo manyoya Ulaya hayakuwa ya kuzuia baridi peke yake. Baridi inampiga maskini vilevile, lakini sheria haikujali baridi yake.

Halafu ikaja tamaa ya biashara. Kofia za manyoya ya biva (mnyama wa mtoni mwenye meno makubwa, anayekata miti) zilipendwa sana Ulaya, mpaka wanyama wenyewe wakakaribia kuisha huko kwao. Wafanyabiashara wakavuka kwenda Amerika ya Kaskazini. Kampuni ya Hudson's Bay ilianzishwa mwaka 1670 kwa ajili hiyo hiyo. Wenyeji wa kule waliwinda, wageni wakasafirisha, na mitindo ilipobadilika watu wa Ulaya wakavaa kofia za hariri. Mwenyeji akabaki na mto usio na wanyama. Mtu wa Ibo anayejua historia ya pembe za ndovu hahitaji kuelezwa zaidi.

Kwetu kitu kilichoondoa ngozi mwilini mwa watu wa kawaida kilikuwa kitambaa. Mwaka 1833 Sayyid Said alifunga mkataba wa biashara na Marekani, na kitambaa cha pamba kutoka viwanda vya Massachusetts kikamwagika pwani. Mpaka leo neno "merikani" limo katika Kiswahili. Watu waliokuwa wanavaa ngozi au magome ya miti bara wakaanza kuvaa merikani na kaniki. Ngozi ikabaki kwa machifu, waganga na ngoma. Hapo swali la bibi linapata jibu la kwanza: ukishakuwa na kitambaa, ngozi sio nguo tena, ni cheo.

Koti moja la mwaka 1962

Sasa tuje karne ya 20. Mwaka 1962 Jacqueline Kennedy, mke wa rais wa Marekani, alionekana amevaa koti la ngozi ya chui lililobuniwa na Oleg Cassini. Dunia nzima iliona picha. Wanawake matajiri wakataka la kwao. Na jamani, koti moja halitoki kwa chui mmoja. Fundi anahitaji ngozi kadhaa zenye madoa yanayoendana, ndo apate koti la mtu mmoja.

Tuangalie hesabu. Mwaka 1968 Marekani iliingiza ngozi za chui 9,556. Mwaka 1969 iliingiza 7,934. Ukijumlisha ni 17,490 kwa miaka miwili, nchi moja tu, na hizo ni zile zilizoandikwa kwenye vitabu vya forodha. Nyingi zilitoka Afrika. Cassini mwenyewe baadaye alisema anajutia alichokianzisha, na uzeeni akawa anatetea manyoya bandia.

Hapo kuna somo kubwa. Hakuna kijana wa Afrika aliyeamka asubuhi akasema, "Leo nataka kumaliza chui." Aliambiwa kuna mtu mjini ananunua. Aliyeua alipata kidogo, dalali akapata zaidi, muuza koti akapata nyingi. Lakini picha ya mhalifu ilipochorwa, ilichorwa sura ya yule wa kwanza, mwenye mtego na miguu peku. Aliyevaa aliitwa mrembo.

Sheria zikafuata. Mwaka 1972 Marekani ilimweka chui kwenye orodha ya wanyama walio hatarini. Machi 1973 nchi zilikutana Washington zikatia saini mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na ulianza kazi Julai 1, 1975. Chui akawekwa kwenye Kiambatisho cha Kwanza, kile cha ulinzi mkali. Kenya ilipiga marufuku uwindaji Mei 1977, na mwaka uliofuata ikafunga maduka ya ngozi na vinyago vya wanyamapori. Tanzania iliingia CITES mwaka 1979, Msumbiji 1981.

Wakati huohuo kuna mtu aliyeendelea kuvaa chui kila siku: Mobutu wa Zaire, na ile kofia yake. Hata timu ya taifa iliyokwenda Kombe la Dunia 1974, ya kwanza kutoka Afrika kusini mwa Sahara, iliitwa Chui. Mobutu aliwaambia watu wake warudi kwenye uasili. Lakini cheo cha zamani cha machifu kilikuwa na wazee wa kumwambia chifu "hapana". Yeye alichukua kofia akawaacha wazee. Alianguka mwaka 1997. Ngozi ya chui haimfanyi mtu kuwa mfalme, inamkumbusha tu aliyevaa kwamba watu wanamtazama.

Na baharini je?

Sisi wa pwani tusijitoe. Manyoya yetu ni gamba la ng'amba, yule kasa mwenye gamba zuri la madoa. Kitabu cha mabaharia cha karne ya kwanza, kinachoitwa Periplus, kinataja magamba ya kasa kati ya bidhaa zilizotoka pwani ya Afrika Mashariki. Yalitengenezwa vitana, vikuku, vibweta, baadaye fremu za miwani. Japani ndiyo iliyokuwa mnunuzi mkubwa karne iliyopita, na ilisimamisha kuingiza mwishoni mwa 1992. Mwaka 2002 ikaanzishwa Hifadhi ya Taifa ya Quirimbas, inayolinda bahari na nchi kavu ya kusini mwa kwetu. Ukimsikia mvuvi analalamika kuhusu hifadhi, ujue analalamikia mlango wa mwisho wa nyumba ndefu sana. Milango ya mbele ilikuwa Roma, Guangzhou, Nagasaki.

Koti lililotoka kwenye furushi

Hapa ndo nafika kwetu kambini. Msumbiji nguo za mitumba tunaziita kalamidade. Wengi hamjui kwa nini. Wakati wa vita na ukame wa miaka ya 1980, nguo za msaada zilikuja kupitia ofisi ya serikali ya maafa, na jina la maafa likabaki kwenye nguo. Leo hata zinazouzwa sokoni ni kalamidade. Kwa hiyo nguo za mkimbizi nazo zina historia yake.

Mwaka jana kwenye furushi moja lilitoka koti zito la baridi, kola yake ina manyoya. Vijana tukabishana nusu siku. Dada mmoja akasema liteketezwe, kulivaa ni kushiriki dhambi. Kaka mmoja akasema liuzwe Pemba, tugawane hela. Mwingine akasema, "Cha kuazima hakisitiri matako, tuwarudishie wenyewe." Kwanza tulipima kama ni ya kweli. Kama hamjui njia, ni hivi: fungua manyoya kwa vidole mpaka chini. Ukiona ngozi, ni ya mnyama. Ukiona kitambaa kilichofumwa, ni bandia. Halafu choma nywele mbili tatu. Ya mnyama inanuka kama nywele za mtu zikiungua, bandia inayeyuka na kuganda kama kidonge cha plastiki. Ile kola ilikuwa ya mnyama. Mnyama gani, hakuna aliyejua.

Mama mmoja mtu mzima alikuwa anapembua mchele pembeni anatusikiliza. Akasema, "Mnyama ameshakufa, hela ya kumuua imeshalipwa, na aliyelipa sio nyinyi. Mkilichoma mtaua nini tena? Mpeni mlinzi wa usiku." Tukampa mlinzi. Mwezi wa sita na wa saba usiku kuna upepo, na mzee yule analala nje ili sisi tulale ndani.

Nimefikiri sana maneno ya yule mama. Naona ana haki kwa koti lile, ila sio kwa kila koti. Koti lililokuja bure kwenye furushi halimwambii mtu yeyote aue tena. Lakini tungeliuza mjini kwa bei kubwa kwa sababu ya ile kola, tungekuwa tumemwambia mnunuzi kwamba manyoya yana thamani, na mtu mwingine angesikia. Tofauti iko hapo: je, kitendo chako kinaagiza kifo kingine?

Mambo mawili kwa walio na nguvu kuliko sisi

La kwanza kwa kaka na dada wa mashirika. Mkija kutufundisha mazingira, mnatuambia tusiwinde, tusikate mkoko, tusile kasa. Sawa, tunawasikia, na sheria ya Msumbiji namba 16 ya 2014, iliyorekebishwa 2017, ina vifungo vya miaka mingi kwa anayeua mnyama anayelindwa. Lakini semeni na upande wa pili. Mwaka 2007 mkutano wa CITES uliongeza mgawo wa Msumbiji wa chui wanaoweza kuwindwa na ngozi zao kusafirishwa kama kumbukumbu, kutoka 60 hadi 120 kwa mwaka. Ni uwindaji wa kulipia, wa wageni wenye pesa. Wapo wanaoutetea kwamba pesa zake zinalinda msitu, na hoja hiyo isikilizwe. Ila msishangae kijana akiuliza kwa nini chui mmoja akiuawa na mgeni ni utalii, na akiuawa na mwenyeji aliyeliwa mbuzi wake ni jela. Jibuni swali lake, msimpe karatasi yenye picha.

Angalieni wengine walivyofanya. Afrika Kusini kuna kanisa la Shembe, ambalo maelfu ya waumini wake huvaa ngozi za chui wakati wa ibada. Kuanzia 2013 shirika la Panthera lilikaa na viongozi wa kanisa, likatengeneza ngozi bandia zinazofanana sana, likazigawa. Wengi wamezipokea. Hawakuwaita washenzi. Walikaa chini na kuuliza mnahitaji nini katika ngozi hii, wakajibiwa: heshima na sura yake. Hivyo vinaweza kupatikana bila damu.

La pili kwa nchi tajiri. Uingereza ilipitisha sheria ya kukataza ufugaji wa wanyama wa manyoya mwaka 2000. Gucci ilitangaza mwaka 2017 kwamba inaacha manyoya. Hatua nzuri. Lakini ufugaji wenyewe uliendelea kwingine. Novemba 2020 Denmark iliamuru minki wote wa mashambani wauawe kwa sababu ya korona, na walikuwa karibu milioni 17. Mtakumbuka sisi tulikuwa wapi mwezi huo. Ndani ya wiki chache za Oktoba na Novemba 2020, zaidi ya watu 10,000 walishuka Paquitequete kutoka kwenye mashua, wakiwemo wa kwetu. Silinganishi mtu na minki. Nasema kwamba mwaka ule dunia ilionyesha ina malori na fedha kwa ajili ya wanyama karibu milioni 17 wa urembo, na sisi tulilala mchangani.

Na manyoya bandia nayo yasitudanganye. Mengi ni plastiki. Yakifuliwa yanatoa nyuzi ndogo zisizoonekana, zinakwenda na maji, na maji mwisho wake ni bahari. Mvuvi ndiye anayezipokea. Kwa hiyo mtu akijisifu kwamba koti lake halina damu, mwulize atalivaa miaka mingapi. Koti linalovaliwa miaka 20 na koti linalovaliwa mara mbili likatupwa kwenye furushi la kalamidade sio sawa, hata kama yote ni bandia.

Ninachokiamini

Baada ya kusoma haya yote msimamo wangu ni huu. Aliyevaa ngozi kwa sababu hana kingine, simlaumu, na babu zetu wa zama za Al-Masudi siwaonei aibu. Anayeagiza mnyama auawe ili yeye atazamwe, huyo ndiye wa kuulizwa kwanza, awe rais, mke wa rais au kijana wa hapa anayetaka kupiga picha na ngozi ya duma. Na kama lawama itagawanywa, igawanywe kama faida ilivyogawanywa: aliyepata nyingi abebe nyingi.

Bado kuna chui kwenye misitu ya kwetu. Vita vimefunga njia, na wawindaji wa mitego pamoja na wenye mbuzi wote walikimbia pamoja. Siku tutakaporudi Quiterajo tutamkuta, na atatukuta hatuna hata mbuzi wa kumpa. Tutahitaji banda imara na ua wa miiba, na pengine shirika litakalolipa fidia ya mbuzi badala ya kutuletea semina. Hayo tuyaandike kwenye madai yetu ya kurudi nyumbani, pamoja na shule, kisima na mashua.

Wiki ijayo dada yetu ataandika kuhusu historia ya msiro, ile dawa nyeupe ya uso. Tuendelee kusoma, tuendelee kuandikiana.